WALIOTANDIKA VITANDA VYA WAKUBWA: Historia ya Wahudumu wa Hoteli na Gesti, Kutoka Enzi za "Boi" Mpaka Kawajense

Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, ina kata inaitwa Mpanda Hotel. Sio utani wa kijiweni. Ni kata kabisa, iko kwenye orodha moja na Kashaulili, Makanyagio, Nsemulwa, Shanwe na Kawajense. Ina diwani, ina wapiga kura, na mtu akijaza fomu ya benki anaandika "Mpanda Hotel" bila kucheka.

Yaani neno hoteli limeingia mpaka kwenye ramani ya serikali. Sasa jiulize kitu kidogo tu: unaweza kutaja jina la mtu mmoja aliyewahi kupiga deki, kutandika kitanda au kubeba sinia kwenye hoteli yoyote ya Tanzania miaka 50 au 60 iliyopita? Wenye hoteli wanajulikana. Wageni waliolala humo wanajulikana, wengine mpaka vyumba vyao vinaoneshwa kwa watalii. Aliyewafulia mashuka? Kimya.

Na ukimya huo una bei yake. Ukifuatilia historia ya kazi za hoteli nchini, kuna kitu kinajirudia kila kizazi. Mfanyakazi anaitwa kwa jina la jumla: boi, mhudumu, baamedi, dada. Na haki zake zinaongezeka pale tu jina lake halisi linapoandikwa mahali, iwe kwenye daftari la chama, kwenye mkataba au kwenye kumbukumbu za mfuko wa hifadhi ya jamii. Lisipoandikwa, anabaki kuwa "yule dada wa mapokezi", na siku akiondoka hakuna anayejua aliwahi kuwepo.

ENZI ZA "BOI"

Wajerumani walipokuwa wanaijenga Dar es Salaam kama makao yao makuu, mwanzoni mwa karne ya 20, walijenga na hoteli ya hadhi yao. Ikaitwa Kaiserhof. Vita Kuu ya Kwanza ikaisha, Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaingia, na hoteli ikabadilishwa jina kuwa New Africa. Ukipita mjini leo jina hilo bado lipo.

Kilichobadilika ni jina la hoteli. Waliokuwa wanafanya kazi ndani waliendelea kuitwa jina lile lile: boi. Mzee mwenye wajukuu, amevaa kanzu nyeupe iliyonyooshwa mpaka inasimama yenyewe, anaitwa "boi" na kijana wa Kizungu wa miaka 20. Na kazi hizi zilikuwa za wanaume. Mpishi mwanaume, dobi mwanaume, mtandika kitanda mwanaume. Hii ya kuona mapokezi na vyumbani wanawake watupu ni mambo yaliyokuja baadaye sana.

Sheria nayo ilikuwa upande wa bwana. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya mabwana na watumishi wenyeji. Chini ya sheria hiyo, mtumishi aliyetoroka kazi kabla mkataba haujaisha hakuhesabiwa kama mtu aliyeacha kazi. Alihesabiwa mhalifu. Alipelekwa mahakamani, akatozwa faini au akafungwa. Leo mtu akiudhiwa na bosi anaandika "nimeacha kazi jamani" kwenye stetasi. Enzi hizo ungeandikia jela.

Sheria hiyo ilidumu zaidi ya miaka 30. Sheria mpya ya ajira ilipitishwa mwaka 1955, wakati TANU imeshazaliwa na upepo wa siasa umeanza kubadilika.

RELI, RISASI NA MPANDA

Huku magharibi hadithi ilianza kwa madini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Uruwira Minerals ilikuwa inachimba madini ya risasi karibu na Mpanda. Risasi haibebwi kwa baiskeli. Ikabidi ijengwe reli ya tawi kutoka Kaliua, iliyoko kwenye njia ya Tabora kwenda Kigoma, mpaka Mpanda. Ni zaidi ya kilomita 200 za pori la miombo, nyuki na mbung'o.

Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki. Na kila mtu aliyekulia kwenye mji wa mwisho wa reli anajua biashara inayofuata. Treni inaleta abiria, abiria anafika amechoka na vumbi mpaka kwenye kope, anataka maji ya kuoga, sahani ya ugali na kitanda. Hapo ndipo kazi ya mhudumu inapozaliwa. Hakuna aliyeitangaza kwenye gazeti. Mwenye nyumba ana vyumba vinne vya ziada, anamleta binti wa ndugu yake kutoka kijijini, anamkabidhi ndoo na fagio.

Wageni wakaongezeka kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1972 Burundi iliingia kwenye mauaji makubwa, na mwaka 1973 makazi ya wakimbizi ya Katumba yakafunguliwa karibu na Mpanda. Mishamo ikafuata mwaka 1978. Mashirika, madereva, maafisa, wote walihitaji pa kulala. Mwaka 1974 Katavi ikawa Hifadhi ya Taifa. Na Machi 2012 Katavi ikakatwa kutoka Rukwa ikawa mkoa, Mpanda ikawa makao makuu. Hapo tena zikaja ofisi, semina, ziara na wale wageni wanaopendwa na kila mwenye gesti nchini: wageni wa posho ya kujikimu.

MGOMO WA 1956 NA STAA WA FILAMU

Turudi nyuma kidogo, Dar es Salaam, kwa sababu kuna tukio moja ambalo vijana wengi hawajawahi kulisikia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na kijana mtanashati kwenye filamu ya Kiswahili iliyoitwa "Muhogo Mchungu". Kijana huyo aliitwa Rashidi Kawawa. Ndiyo, huyo huyo "Simba wa Vita", aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Kabla ya siasa alikuwa staa wa skrini. Oktoba 1955 liliundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, na Kawawa akawa katibu mkuu wake.

Moja ya vyama vilivyokuwa na moto kilikuwa cha wafanyakazi wa majumbani na hotelini. Fikiria ujasiri wake. Hawa ni watu wanaofanya kazi mmoja mmoja, au wachache wachache, ndani ya jengo la bosi. Wengi wanalala hapo hapo. Wanakula mabaki ya hapo hapo. Ukigoma, unakosa mshahara, chakula na pa kulala kwa siku moja. Mfanyakazi wa bandarini akigoma anarudi kwake Kariakoo. Boi wa hoteli akigoma anakuta sanduku lake limewekwa nje ya geti.

Lakini Desemba 1956 waligoma. Wafanyakazi wa sekta nyingine wakawaunga mkono, na mgomo ulioanzia kwa wabeba sinia ukautikisa mji. Mwaka uliofuata, 1957, kima cha chini cha mshahara kikaanza kutumika Dar es Salaam. Mwaka 1962 bodi iliyoongozwa na Chesworth ikapendekeza kima cha chini kwa nchi nzima, na kikaanza 1963: shilingi 150 kwa mwezi kwa Dar, na viwango vya chini zaidi kwingineko.

Ona kilichofanyika hapo. Watu walewale waliokuwa wanaitwa "boi" walijiandikisha kwenye daftari la chama, kila mmoja kwa jina lake, akalipa ada yake. Daftari hilo ndilo lililowapa nguvu ya kukaa meza moja na mwajiri. Kawawa anakumbukwa mpaka leo, ana barabara, ana shule. Wenye majina ndani ya daftari wamesahaulika.

UHURU UMEKUJA, NANI ANABEBA SINIA?

Baada ya uhuru serikali ikaingia yenyewe kwenye hoteli. Mwaka 1965 ikafunguliwa Kilimanjaro Hotel, jengo la kisasa lililoitazama bandari ya Dar. Hapo ndipo walipopita wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika, waandishi wa habari wa dunia, mabalozi na mashushushu wa kila rangi. Stori za baa ya Kilimanjaro zimejaa kwenye vitabu vya watu wa nje. Aliyekuwa anawawekea barafu kwenye glasi, na huenda alisikia mengi kuliko usalama wa taifa, hajaandikiwa hata ukurasa.

Kwa mfanyakazi mambo yalipanda. Sheria ya usalama wa ajira ya mwaka 1964 ilimpunguzia mwajiri uwezo wa kumfukuza mtu asubuhi kwa sababu tu ameamka vibaya, na ikaleta kamati za wafanyakazi. Mfanyakazi wa hoteli ya shirika la umma alikuwa na mkataba, likizo, sare na kitambulisho. Ila palikuwa na kulipa. Mwaka huo huo wa 1964 TFL ilivunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja tu, chini ya mwavuli wa chama tawala. Usalama wa kazi ukaja, sauti ya kujitegemea ikaondoka.

Halafu ukazuka ubishi mkali. Mwaka 1970 wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Vijana wa TANU walianza kurushiana hoja kwenye gazeti la The Standard: je, nchi ya ujamaa ijenge hoteli za watalii? Upande mmoja ulisema utalii unaleta fedha za kigeni. Upande mwingine ukasema tumetoka kuwa maboi wa Mwingereza, tunataka kuwa maboi wa mtalii? Hoja zilikuwa nzito kiasi kwamba Issa Shivji alizihariri zikawa kitabu, kilichotoka mwaka 1973. Wasomi walibishana kuhusu mhudumu kwa kurasa na kurasa. Mhudumu mwenyewe alikuwa jikoni anaosha vyombo.

Mwaka 1971 ukaja Mwongozo wa TANU. Ibara ya 15 ilikataza viongozi kuwa na kiburi, dharau na ukandamizaji. Wafanyakazi wakaishika ibara hiyo kama silaha. Meneja akitukana, watu wanamsomea Mwongozo. Ikawa migomo kila kona mpaka mwaka 1973, na sehemu nyingine wafanyakazi walijaribu kuchukua uendeshaji wenyewe. Wengi wakiulizwa wanataja viwanda, hasa kile cha mpira cha Mount Carmel. Wachache wanakumbuka kwamba kwenye orodha hiyo hiyo ilikuwepo na hoteli: Hotel Afrique. Serikali haikuipenda hali hiyo kwa muda mrefu, na ikabana. Lakini kwa kipindi kifupi kosa kubwa hotelini lilikuwa dharau, na anayeshtakiwa alikuwa bosi.

MASHIRIKA YANAKUFA, GESTI ZINAZALIWA

Miaka ya 1980 wazee wanaikumbuka kwa foleni. Sukari hakuna, sabuni hakuna, unga wa ngano hakuna. Hoteli za umma zikabaki na majina makubwa na mabomba makavu. Mshahara ulikuwa unaingia, ila hauna cha kununua.

Miaka ya 1990 ikaja habari ya ubinafsishaji. Mwaka 1992 iliundwa tume ya kurekebisha mashirika ya umma, PSRC, na hoteli za serikali zikaanza kuuzwa moja baada ya nyingine. Neno "kupunguzwa" likaingia kwenye Kiswahili cha nyumbani. Baba karudi mapema, kapunguzwa.

Chama kimoja cha wafanyakazi nacho kikavunjika vipande vipande kwa sekta. Mwaka 1995 ikazaliwa CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hifadhi, hoteli, majumbani na huduma nyingine. Ukiangalia vizuri, "majumbani na hotelini" ni mchanganyiko ule ule wa 1956.

Wakati huo huo, nje ya macho ya chama, mitaani zilikuwa zinachipuka gesti. Mwalimu mstaafu anajenga vyumba sita. Mfanyabiashara wa mpunga anaweka vyumba kumi na baa mbele. Mchimbaji mdogo aliyepata dhahabu kidogo anawekeza kwenye lodji. Wahudumu wao hawakupitia chuo cha hoteli, hawakuomba kazi kwa barua, hawakuandikwa popote. Na sasa wengi wao walikuwa wanawake. Boi alikuwa amekufa. Amezaliwa "dada".

HESABU YA DADA WA GESTI

Chukua mfano wa dada wa gesti ya kawaida, ile ya vyumba kumi, Kawajense au mtaa wowote unaofanana nayo. Anaamka saa 12 asubuhi kufungulia geti wageni wa basi la mapema. Anachota maji, anafagia uwanja, anapiga deki, anatoa mashuka, anafua, anaanika, anatandika. Mchana anakaa mapokezi anaandika kitabu cha wageni. Jioni anapokea wageni wapya, anawanunulia chakula, anawatafutia vocha. Saa 4 usiku anafunga geti, na analala chumba cha karibu na mlango ili mgeni wa saa 8 usiku akigonga ainuke. Mpanda ilikaa miaka mingi kwenye umeme wa majenereta ya dizeli ya TANESCO, kwa hiyo umeme ukikatika yeye ndiye wa kuzunguka na mishumaa.

Kutoka saa 12 asubuhi mpaka saa 4 usiku ni saa 16. Mara siku 7, ni saa 112 kwa wiki.

Sasa angalia sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, inasema kazi ya kawaida haizidi siku 6, saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Ukijumlisha na saa za ziada, siku moja isizidi saa 12. Saa za ziada zisizidi 50 kwa wiki nne, ziwe za makubaliano, na kila moja ilipwe mara moja na nusu. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Kuna mapumziko ya saa 24 kila wiki. Kuna likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kuna likizo ya uzazi ya siku 84.

Twende kwenye pesa. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha migahawa, gesti na baa kuwa shilingi 130,000 kwa mwezi. Hoteli za kati 150,000. Hoteli kubwa na za kitalii 250,000. Viwango vimepandishwa tena baadaye, kwa amri ya 2022 iliyoanza Januari 2023, lakini tumia ile ya 2013 kupata picha. Shilingi 130,000 kwa wiki za saa 45 ni kama shilingi 667 kwa saa. Saa ya ziada, mara moja na nusu, ni kama shilingi 1,000. Sasa mtu huyo huyo akifanya saa 112 kwa wiki kwa shilingi 130,000 hizo hizo, saa yake imeshuka mpaka kama shilingi 268. Na akilipwa 80,000, kwa sababu "anakula na kulala hapa", imebaki shilingi 165. Hiyo hainunui hata soda.

Mwenye gesti ana lake la kusema, na si uongo wote. Vyumba kumi havijai kila siku. Kuna leseni, kodi, umeme, maji, sabuni, godoro lililochomwa na sigara ya mteja. Msimu wa mvua wageni wanapungua. Akilipa saa za ziada zote kama sheria inavyosema atafunga, ndivyo anavyosema. Lakini hesabu hiyo ina kasoro moja: umeme ukipanda analipa, sabuni ikipanda analipa. Gharama pekee inayopunguzwa bila kelele ni ya mtu asiye na karatasi.

SHOTI, HASARA NA "CHENJI BAKI NAYO"

Kila aliyewahi kufanya kazi baa anaijua shoti. Usiku mmeuza, asubuhi bosi anahesabu, imepungua elfu 15. Nani alikunywa bila kulipa? Nani alikosea chenji? Haijalishi, mnakatwa wote. Taulo likipotea chumbani, unakatwa. Mteja akiondoka na rimoti, unakatwa. Mwisho wa mwezi dada anaambiwa yeye ndiye anadaiwa.

Wengi hawajui kwamba sheria imeligusa hilo moja kwa moja. Mwajiri hawezi kukata mshahara kwa ajili ya hasara mpaka iwe ni kosa la mfanyakazi huyo, amepewa maelezo na nafasi ya kujitetea, kiasi kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kukata wote kwa sababu aliyekosea hajulikani hakumo humo.

Kuna na ile ya kusema "mshahara mdogo ila bakshishi ipo". Hii ni ya dunia nzima. Mwaka 1991 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba maalumu wa hoteli na migahawa, namba 172. Unasema mfanyakazi apate mshahara wa msingi bila kujali bakshishi, na unapinga kuuza na kununua nafasi za kazi za hoteli. Ukiona dunia imekaa Geneva kuandika kwamba kazi ya hoteli isiuzwe, ujue zilikuwa zinauzwa.

Na hizi "chenji baki nayo" zina mtego. Hazihesabiwi kwenye mafao, hazina risiti, na mteja asipokuja hazipo. Machi na Aprili 2020, ndege zilipokauka kwa sababu ya korona, waliokuwa wanaishi kwa dola za bakshishi kwenye hoteli za kitalii waligundua ndani ya wiki mbili kwamba mshahara wao halisi ulikuwa mdogo kiasi gani.

MIKONO YA WATEJA

Kuna jambo lingine ambalo linaongelewa kwa utani lakini halina utani. Mteja akimaliza bia mbili anaona huduma aliyonunua haina mipaka. Anamshika baamedi. Anagonga mlango wa mapokezi saa 7 usiku anataka "kuletewa maji". Bosi naye anamwambia dada, "Mchangamkie mteja, huyo ni wetu." Akikataa, anaambiwa anafukuza biashara. Akikubali, mji mzima unamwita malaya.

Mtaa umezoea kumcheka baamedi. Nyimbo zimemcheka, vichekesho vimemcheka. Ila Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai, na sheria ya ajira ya 2004 inautambua unyanyasaji kazini kuwa ubaguzi. Hakuna sehemu iliyoandikwa "isipokuwa kwa baamedi". Tatizo ni kwamba ili ushtaki unahitaji kwanza kuthibitisha kuwa hapo ndipo unapofanya kazi. Na hapo ndipo kila kitu kinarudi kwenye karatasi.

KARATASI

Mabosi wengi wanaamini kwamba kutompa mtu mkataba kunawalinda. "Huyu sijamwajiri, ananisaidia tu." "Ni deiwaka." "Ni mtoto wa dada yangu." Wafanyakazi wengi nao wanaamini hivyo hivyo: sina mkataba, basi sina haki.

Sheria inasema karibu kinyume chake. Mwajiri ndiye anayetakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Mgogoro ukifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kuleta maandishi hayo, ni juu yake yeye kuthibitisha masharti ya kazi yalikuwa yapi. Na sheria ya taasisi za kazi, namba 7 ya 2004, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa akiwa na dalili zinazoeleweka: anapangiwa saa na bosi, anafanya kazi kwa vifaa vya bosi, anamtegemea bosi kwa kipato. Dada wa gesti anazo zote hizo, na ndoo ni ya bosi.

Pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kufungua shauri. Madai mengine, kama mshahara na saa za ziada, siku 60. Wengi wanakosa haki zao kwa sababu ya tarehe tu: wanarudi kijijini kulia, wanakuja kuambiwa na mtu miezi mitatu baadaye kwamba walikuwa na kesi. Na aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hana kinga ile kamili dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Kuna mabosi wanaijua namba hiyo vizuri sana, ndiyo maana kuna gesti zinabadilisha wahudumu kila baada ya miezi mitano.

Ushahidi wenyewe mara nyingi upo mkononi. Kitabu cha wageni kimejaa mwandiko wa dada. Meseji za bosi, "leo mgeni wa chumba cha 4 analala mpaka kesho", zipo kwenye simu. Miamala ya mshahara kwa simu ina tarehe na kiasi. Mwandiko huo, meseji hizo na miamala hiyo ndiyo daftari la leo. Wale wa 1956 hawakuwa na simu, walikuwa na ada ya chama na majina yaliyoandikwa kwa wino.

Treni ya Tabora bado inaingia Mpanda. Mabasi ya lami ya Sumbawanga na Tabora yanashusha watu usiku na mchana: wafanyabiashara wa mpunga, watu wa asali, watu wa dhahabu, maafisa wa semina. Wote watapata kitanda kilichotandikwa. Kwenye kitabu cha gesti mgeni ataandika jina kamili, kabila, anakotoka, anakokwenda na namba ya kitambulisho, hata akiwa analala usiku mmoja. Anayempa kalamu amelala hapo miaka miwili, na jina lake halimo kwenye kitabu chochote cha nyumba ile.